Bomba la Serafina

Mbinga,
12 Februari 2023

Mdogo wangu Serafina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako naipokea kabla hujaituma, maana najua utaisahau. Sisi huku hatujambo kwa kipimo cha uzee. Magoti ya mama yanamtangazia mvua siku mbili kabla ya redio, na mgongo wangu unanikumbusha kila gunia la kahawa nililowahi kulibeba. Mahindi ya bondeni yamesimama vizuri. Ya jirani yamesimama vizuri zaidi, lakini hayo si ya kuandika.

Mama amekataa nikupigie simu. Anasema huko Ngumbo mpaka upande kilima cha shule ndipo upate mtandao, na hataki mwanawe apande vilima kwa ajili ya maneno. Halafu anasema maneno ya simu huishia sikioni mwa aliyeishika, ila barua husomwa mbele za watu. Na kweli. Barua yako ya Krismasi niliisoma mbele ya jumuiya nzima, Jumatano baada ya rozari, na ile sehemu ya kitenge ulichomtumia mama wakaniomba niirudie. Niliirudia. Mimi ndiye mwenye miwani.

Sasa neno lenyewe. Bomba lako linavuja. Nasema lako kwa sababu ndivyo linavyoitwa. Mtu akija na ndoo utamsikia, "Nimefuata maji bomba la Serafina." Ni miaka sita tangu utoe hela tukavutiwa maji uani. Mimi ni mwaka wa kumi na moja tangu nifiwe na mume wangu Tadei nikarudi nyumbani, nalala chumba cha pili kutoka kwa mama, namchemshia maji ya kuoga, namkata kucha. Sijasikia mtu akiuita mlango huu mlango wa Benadetha. Lakini siandiki kwa ajili hiyo.

Linadondosha tone moja, linatulia kama mtu anayefikiri, linadondosha la pili. Fundi Egidi amekuja, amelitazama mikono ikiwa mfukoni, akasema ni wosha, kile kimpira cha ndani, kimekwisha. Kimpira mia tano, mkono wake elfu sita. Nikamwuliza kwa nini mkono uushinde mpira mara kumi na mbili. Akasema, "Dada, mpira haujui pa kuingia."

Nikamwambia mama nitalipa mimi. Akasema, "Mwandikie mwenye bomba." Nimekuandikia.

Dada yako,
Benadetha


Ngumbo,
5 Machi 2023

Dada Benadetha,

Milele amina. Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, usije ukasema.

Barua yako ilikaa Mbamba Bay siku tisa ikisubiri pikipiki. Huku joto limekaa kama mgeni asiyeaga. Shemeji yako Wilfred mzima, nyavu zinaleta usipa mwingi mpaka paka wanachagua. Mama mkwe Ephrasia bado anasema chanja zangu za kuanikia zimepinda, na kila jioni anazinyoosha ili kesho apate la kusema. Mwanao Aloyce yuko bweni, anaandika akitaka hela.

Kwa mkono wa Joakim, yule konda wa basi linaloshuka ziwani, pokea elfu sita na mia tano za Egidi. Pokea pia kilo mbili za usipa wa mama. Wewe najua huutaki, unasema unanuka ziwa.

Dada, umeandika kwamba unalala chumba cha pili kutoka kwa mama kana kwamba ni kifungo. Mimi nina miaka ishirini na moja huku na mama hajakanyaga kizingiti changu. Anasema kuna joto na mamba. Mamba nimemwona mara moja tu, naye alikuwa anaondoka. Wewe kila asubuhi unakunywa uji ukimsikia akikohoa na kulalamika. Mimi namsikia kwa mwandiko wako, na mwandiko wako una ukali ambao mama hana. Ukichoka kumkata kucha, niambie.

Sasa hili msomee mama taratibu. Tarehe ishirini mwezi huu naingia hospitali, wananipasua tumbo. Kuna uvimbe, daktari anasema si mbaya lakini hautaondoka kwa dawa. Nataka mama aniombee kwa jina, na kama anaweza aniwekee nia ya misa. Nataka neno lake kabla ya siku hiyo, hata mstari mmoja.

Msomee yote. Usiruke.

Mdogo wako,
Serafina


Mbinga,
16 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Pasaka ilikuwa njema, tulichinja jogoo yule mgomvi na hata kwenye sufuria alichelewa kukubali. Mama alivaa kitenge chako. Padri alimsifia, naye akasema kwa sauti kanisani, "Ni cha Serafina wangu wa ziwani." Nilikuwa nimemshika mkono asianguke kwenye ngazi.

Usipa umefika na umeliwa. Mama anasema mkono wako una chumvi sahihi, kana kwamba na chumvi uliivua wewe. Amefurahi kusikia mnaendelea vizuri.

Ndani ya bahasha utaona elfu sita na mia tano zako, kwenye karatasi ileile. Nyumba hii haijakosa hela ya kimpira. Ukilipia kulivuta bomba, tena ukalipia kulitengeneza, mimi nitabaki na kazi ya kulisikiliza. Isitoshe Egidi ameenda Songea tangu kabla ya Pasaka, haijulikani atarudi lini.

Kwa hiyo tone linaendelea, na mama hapendi maji yapotee. Unajua alichofanya mwezi uliopita? Ametaka ngolo chini ya bomba. Nikamwambia, mama, ngolo ni ya mlimani, ni shimo la kushika mvua isibebe shamba; uani hapa inashika nini? Akasema, "Inashika." Basi nikafyeka nyasi, nikazilaza mistari ya kukatana kama dirisha. Hiyo ni kazi ya mwanamume, lakini baba amelala makaburini, na Tadei amelala jirani naye. Mama akakaa kwenye kigoda na jembe dogo, akafukia nyasi kwa udongo pande zote nne, akaacha shimo katikati. Ngolo moja, pana kama kitanda cha mtoto, na bomba limeiinamia. Bwana shamba alipita akasimama, akavua kofia, akaenda zake.

Kwenye kingo tumepanda maharage. Yameota vizuri kuliko ya shambani. Nilipouliza tutayapika lini, mama akasema, "Hayo ni ya Serafina."

Wako,
Benadetha


Ngumbo,
14 Mei 2023

Dada,

Shikamoo. Leo moja tu.

Nilingoja nipate nguvu ya kukaa kitako ndipo niandike. Nililazwa siku tisa. Uvimbe waliutoa, daktari alimwonyesha Wilfred, Wilfred chakula cha mchana akakila kesho yake. Mama Ephrasia, huyu huyu wa chanja, alilala sakafuni chini ya kitanda changu na hakusema neno baya hata moja, mpaka nikadhani nakufa.

Kila Joakim alipopita, Wilfred alikwenda barabarani kuuliza barua. Siku ya tisa nikajiambia labda mama amekasirika. Ikaja barua yako: jogoo, kitenge, ngolo. "Amefurahi kusikia mnaendelea vizuri." Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Mama yangu hawezi kusikia kwamba napasuliwa tumbo akafurahi. Kwa hiyo hakusikia.

Na kuna jingine. Joakim alinitembelea. Anasema Jumatatu ya Pasaka alifika kwenu kuchukua magunia, akanawa mikono bombani, akafunga, na bomba halikutoa hata chozi. Anasema Egidi alikuwepo, anakula paja la huyo jogoo wako mgomvi. Songea gani hiyo ambayo fundi yupo huko na papo hapo anakula kwako?

Sikuulizi hela. Nakuuliza mambo mawili. Kwa nini unaniandikia kwamba bomba linavuja nalo ni kavu? Na kwa nini uliruka?

Serafina


Mbinga,
25 Juni 2023

Mdogo wangu Serafina,

Pole. Nilipaswa kuanza na neno hilo mwezi wa tatu. Ningeweza kusema kahawa imeiva na mikono haina nafasi, na kahawa kweli imeiva, lakini barua hii nimeianza mara nne.

Nianze na lililo jepesi. Egidi alilitengeneza bomba Februari ileile, wiki moja baada ya kukuandikia. Nililipa mimi, kwa siri, nikisema angalau mara moja nijue moyoni kwamba ukimya ule ni wangu. Lilinyamaza siku nne, kisha likaanza. Egidi akarudi, akaweka mpira mwingine, akachukua nusu kwa aibu. Likanyamaza, likaanza. Jumatatu ya Pasaka ilikuwa mara ya tatu, Joakim alisema kweli, na ile Songea niliitunga. Kufikia hapo Egidi alikuwa ananitazama kama mjane anayetafuta sababu, ndiyo maana nikampa paja, ale aondoke.

Wiki iliyofuata nilirudi shambani mapema, jembe limevunjika mpini. Nikamkuta mama bombani. Amepiga magoti ndani ya ngolo, kwenye matope, Serafina, magoti yaleyale yanayokataa kanisani. Ana spana ya marehemu baba, ameizungushia kitambaa isiteleze, analegeza nati ya juu.

Nikasema, "Mama, unafanya nini?"

Akasema, "Nalegeza." Kama mtu anayesema nachambua mboga.

"Kwa nini?"

"Bomba lilipokuwa zima, mwanangu aliandika mara mbili kwa mwaka. Likinyamaza hili, na yeye atanyamaza."

Nikamwambia, "Na mimi je? Nimekulipia mipira mitatu." Akanitazama kwa kweli kabisa, bila ubaya, akasema, "Wewe si uko hapa." Kisha akanipa mkono nimwinue.

Hilo ndilo jepesi.

La pili. Siku ya barua yako jumuiya ilikuwa imejaa. Nilisoma nikafika kwenye neno "hospitali", nikaona mama ameshika rozari na wanawake wamenyoosha shingo. Nikaruka. Nilijiambia ni kwa ajili ya presha yake. Huo ulikuwa uongo, nao niliuvalisha vizuri. Niliruka kwa sababu nilijua angefunga mzigo siku ileile akaja huko kwenye joto na mamba wake, akukalie kitandani. Mwaka juzi mimi nililala na homa ya matumbo wiki mbili, chumba cha pili. Siku ya sita akaniita kutoka kwake. Nikajiburuta mpaka mlangoni nikidhani ataniuliza hali. Aliniuliza kama maji ya kuoga yamechemka.

Sikutaka kuona anavyokuwa pale anayeugua ni wewe.

Wiki iliyopita nilimsomea kipande chako chote. Alilia, akataka kuja, magoti yakakataa. Siku tatu hakusema nami. Ya nne akasema uji hauna sukari. Sasa unajua, ukinisamehe sawa, usiponisamehe nitaelewa.

Benadetha


Ngumbo,
9 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Nilicheka pale pa Egidi, kisha nikafika pale pa homa ya matumbo na kicheko kikaniishia. Hukuwahi kuniambia uliugua.

Kukusamehe nitakusamehe polepole, kama kidonda changu, kwa juu kimefunga. Lakini nimefikiri. Wewe unataka kutajwa. Mimi namtaka mama hata akinilalamikia. Kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kwa kitu ambacho mwenzake amekichoka. Basi tubadilishane.

Jumamosi ijayo nakuja na Joakim. Nitakaa mpaka Septemba. Kubeba nimekatazwa, lakini kuchuma kahawa nitachuma na magunia nitalipia watu. Wewe panda basi hilohilo linapogeuza. Mama Ephrasia anakungoja na chanja zake. Wilfred nimemhamishia kibanda cha nyavu muda wote utakaokuwepo, ili watu wasikutungieni wimbo.

Ile ya spana usimwambie mama kwamba naijua.

Serafina


Mbinga,
27 Agosti 2023

Dada Benadetha,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo mbili, moja ni deni la mwezi wa tano.

Mama mzima. Kahawa tumemaliza kuchuma, iko kwenye vichanja inakauka, na baridi ya Mbinga imenikumbusha kwa nini niliolewa ziwani. Barua yako ya mwanzo wa mwezi niliisoma Jumatano mbele ya jumuiya. Ile sehemu ulipokimbia na beseni la usipa kichwani ukimkimbia mamba, na mamba akawa gogo la kufulia la mama Ephrasia, waliniomba niirudie. Niliirudia. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akawaambia, "Huyo ndiye Benadetha wangu wa ziwani."

Dada, wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Aliniamsha kunitazama tu. Wiki ya pili nikaanza kusikia. Uji wa Benadetha hauna madonge. Benadetha akinikata kucha sisikii. Benadetha akinichemshia maji hayaniunguzi wala hayanipozi. Nimemkanda magoti kila jioni kwa mafuta niliyonunua Mbamba Bay, akasema asante mwanangu, Benadetha anarudi lini? Nikamwambia, mama, mimi Serafina nipo hapa. Akasema, "Si uko hapa."

Nilidhani ulitia chumvi ulipoandika neno hilo. Nakuomba radhi.

Maharage ya ngolo niliyakuta kwenye kopo, makavu, mazuri, nikayaloweka nimpikie. Akayatoa kwenye maji kwa mkono wake, akayaanika upya kwenye kanga. "Hayo ni ya Benadetha, ataondoka nayo." Dada, nilisimama pale na mwiko.

Na juzi jirani kaja na ndoo. Mama akamwambia kutoka kibarazani, "Weka taratibu, bomba la Benadetha linavuja." Bomba hili nimelilipia mimi. Mabomba yake, mita yake, na simenti yake. Jirani hakushangaa hata kidogo, akasema, "Bomba la Benadetha limeanza tena?"

Limeanza tena, ndiyo. Egidi alikuja, akaniona si wewe, akaweka mikono mfukoni. Anasema mkono umepanda, sasa ni elfu saba, mpira uko palepale. Jana nikitandika kitanda cha mama nimekuta spana chini ya godoro, imezungushiwa kitambaa. Nimeirudisha ilipokuwa na nikatandika.

Nikamwambia nitalipa mimi, hela ninayo. Akasema, "Mwandikie mwenye bomba."

Nimekuandikia.

Mdogo wako,
Serafina


Ngumbo,
10 Septemba 2023

Mdogo wangu Serafina,

Milele amina. Huku wote wazima. Mama Ephrasia sasa anasema chanja zangu zimepinda kuliko zako, kwa hiyo umepanda cheo ukiwa mbali. Wilfred anakusalimu kutoka kibandani. Usipa nimeuzoea, sasa naona watu wa Mbinga ndio wananuka moshi.

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu nikamsomea mama Ephrasia ile sehemu ya uji na ya jirani na ndoo. Hakuniomba niirudie. Niliirudia.

Pole, mdogo wangu. Nakuandikia pole mapema, mimi nimejifunza. Kucha zake anza na kidole kidogo, ukianza na dole gumba anakaza mkono. Maji ya kuoga yatoe jikoni yakianza kuimba, usingoje yachemke. Haya siyo siri, ni kwamba hukuwahi kuuliza nami sikuwahi kupenda kusema.

Nilisema nitarudi mwezi huu. Lakini usipa bado unatoka, na itakuwa vibaya kumwacha mama Ephrasia katikati ya kazi. Nitakuja Oktoba, katikati au mwishoni.

Kwa mkono wa Joakim pokea kilo mbili za mama, chumvi nimeweka mwenyewe, umwambie. Na kwenye karatasi kuna elfu saba na mia tano. Tafadhali usizirudishe.

Mwambie Egidi asikaze sana.

Dada yako,
Benadetha